Rangi ya Damu ya Mzee

Baba yangu aliendesha malori kati ya Mombasa na Kampala kwa miaka ishirini na tisa. Alipostaafu, kampuni ilimwachia Peugeot moja ya zamani, stesheni wagoni, iliyokuwa ya meneja, ya rangi ambayo kwetu tunaiita damu ya mzee. Akaileta nyumbani, nje kidogo ya Malaba ukielekea Adungosi, akaijengea kibanda cha mabati kabla hata hajarekebisha paa la jiko lililokuwa likivuja. Mama alinung'unika wiki mbili, kisha akazoea.

Gari hilo lilioshwa kila Jumamosi, na kila baada ya miezi miwili lilipakwa nta. Baba hakuwahi kulipeleka kwa vijana wanaoosha magari barabarani. Alisema kitambaa chao ni kimoja, kinapita kwenye lori la makaa, kinapita kwenye pikipiki, halafu kinakuja kwa gari lako na mchanga wa wote. Yeye alitumia fulana zake kuukuu za pamba, alizozikata mishono isije ikakwaruza. Moja ya kupaka, moja ya kufuta. Hakupaka juani. Alichovya nta kidogo kwa ncha za vidole viwili, akaisambaza duara baada ya duara, akaiacha ikauke mpaka rangi ifanye ukungu, ndipo akachukua fulana ya pili. Akimaliza aliniita au alimwita Mama, yeyote aliyekuwa karibu, asimame mbele ya mlango wa dereva ajitazame.

Stoo yake ilikuwa na makopo mawili bapa, ya duara, upana wa kiganja. Moja lilikuwa la nta. Jingine lilikuwa la dawa yenye chengachenga za kusaga, ambayo mafundi huiita rabing. Hiyo haipaki, inakata. Gari likikwaruzwa na tawi unachukua kiasi cha punje ya hindi, unasugua pale pale palipoumia, unaacha. Ukizidisha unakula rangi yenyewe. Kopo la nta lilikaa kulia mwa rafu, la rabing kushoto, nyuma ya chupa ya mafuta ya breki.

Nilirudi kukaa kwake miaka mitatu iliyopita, Mama alipofariki. Nilikuwa nimeachana na mume wangu huko Sigalame nilikokuwa nikifundisha, nikaomba uhamisho, nikapata shule ya msingi ambayo ninaifikia kwa miguu kutoka kwa Baba. Tulikuwa watu wawili wasiokuwa na mazoea ya kuzungumza. Maisha yetu yote, maneno yake kwangu yalipitia kwa Mama na yangu kwake yalipitia huko huko. Sasa Mama alikuwa nyuma ya nyumba, kando ya migomba, na sisi tulikuwa mezani tukiangalia sahani.

Dalili zilikuwepo. Alipomimina chai alitia kidole ndani ya kikombe, na mimi nikafikiri ni uchafu wa uzee, nikaacha kunywa kikombe alichonimiminia. Nikisogeza kiti sebuleni aligonga muundi na kunifokea kama mtu aliyeibiwa. Tukienda misa Jumapili, yeye akiendesha, aliniuliza maswali njia nzima. Ile trela imesimama ama inatembea? Huyo mbele ana mzigo gani? Nilidhani ni dereva wa zamani ambaye hawezi kupita kando ya foleni ya malori ya mpakani bila kuyazungumzia. Nikafurahi, kwa kweli, kwamba tumepata la kuongea. Nilimjibu kila mara. Imesimama, Baba. Inatembea. Kuna mtu wa baiskeli hapa kushoto. Kwa Kiteso chetu cha nyumbani maswali hayo yalikuwa na upole ambao sikuuzoea kwake, na mimi nilikuwa nikijibu huku nimepakata mfuko wangu, nikitazama maduka.

Likizo ya Aprili panya waliingia stoo. Nilitoa kila kitu nje, nikafagia, nikapiga dawa, nikarudisha vitu kwa mpango wa mwalimu: chupa na chupa, misumari kwenye mkebe, makopo mawili kando kwa kando baada ya kuyafuta vumbi. Sikufikiria lipi liko kulia.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nyuma ya nyumba nikifua shuka. Nilisikia Baba akianza kazi yake, na nikasikia kwamba kitambaa kinakwaruza kuliko kawaida, lakini kuna sauti nyingi unazisikia bila kuzifuata. Saa nne nilizunguka mbele kumwita chai. Alikuwa ameinama juu ya boneti, mkono wa kushoto umeshika bati, wa kulia ukizunguka kwa nguvu. Fulana aliyoshika ilikuwa nyekundu iliyokolea, na wekundu ulikuwa umepanda kwenye vidole, kwenye kucha, mpaka kifundo cha mkono. Nilidhani amejikata. Kisha nikaona boneti. Kwenye migongo miwili inayoshuka kuelekea taa, rangi ilikuwa imeisha na kijivu cha chini kimetokeza. Karibu na kioo, ukingoni, palikuwa na bati tupu.

Uso wake ulikuwa mtulivu. Aliposikia nyayo zangu alisema, "Imeanza kushika. Nta ya leo ni ngumu, baridi imeigandisha."

Nilitoka hatua moja kando ili niione boneti vizuri. Yeye akainua kichwa, akaangalia pale nilipokuwa nimesimama kwanza, akangoja. Akauliza kama nipo.

Nilimwambia, "Baba, hiyo ni rabing."

Mkono ukasimama. Alitia kidole kwenye kopo, akakisugua na kidole gumba taratibu, kama mtu anayepima unga uliosagwa vibaya. Maandishi ya kopo yalikuwa makubwa kuliko herufi ninazowaandikia watoto wa darasa la kwanza ubaoni.

"Nani ametoa vitu vyangu mahali pake?"

"Ni mimi."

Hakufoka. Alipapasa nyuma yake mpaka akapata tairi la akiba, akakalia. Aliniuliza rangi imeisha mpaka wapi. Nikamwambia mahali pengine imefika kwenye bati. Akasema, "Funika. Watu wanapita."

Nilileta turubai la kuanikia mahindi, nikalifunika gari lote, tukaenda kunywa chai iliyopoa. Sikumuuliza kuhusu macho, naye hakuyataja. Jumapili alisema tumbo linamsumbua, hatukwenda misa. Siku tatu nilimtazama kwa makini, na nikaona jinsi nyumba nzima ilivyokuwa kichwani mwake. Hatua sita kutoka kitandani mpaka mlangoni. Redio mkono wa kulia wa dirisha. Kila kitu nilichokisogeza tangu nije, kiti, ndoo, ndala zake, nilikuwa nimemwekea mahali pa kuanguka. Na kila Jumapili nilikuwa nimekaa kando yake barabarani, katikati ya malori, nikiwa macho yake, na hakuna aliyeniambia.

Siku ya nne nikamwambia twende kliniki ya macho Busia. Alivaa koti akakaa kitandani kunisubiri. Nadhani alikuwa amevaa hilo koti moyoni tangu Jumamosi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, asiye na haraka. Alimulika jicho moja, akamulika la pili, akampima kwa mashine, akamuuliza tatizo lilianza lini. Baba akasema mwaka huu. Daktari akaweka kalamu chini. Alieleza kwamba hii ni presha ya macho, na kwamba jicho la kushoto lilishazima miaka kadhaa iliyopita. La kulia limebaki na kitundu cha katikati, ni kama mtu anayechungulia kwenye mrija. Baba, ambaye amekunywa ajono, pombe yetu ya kienyeji, kwa mirija mirefu na wazee wenzake tangu ujana, aliitikia kwa kichwa kwa jinsi alivyoelewa. Kilichopotea hakirudi, daktari alisema, hata kwa upasuaji. Kilichobaki kinaweza kucheleweshwa kwa dawa ya matone, ila si kwa muda mrefu. Kisha akamuuliza kama amewahi kupewa matone hayo.

Baba akasema ndiyo. Miaka saba iliyopita, Tororo, alipokwenda na Mama kununua mbegu, macho yakamuuma, wakaingia kwa daktari wa huko. Alipewa chupa. Mama alimtia tone moja kila jicho, kila jioni baada ya chakula, na chupa ikiisha Mama alivuka mpaka kuleta nyingine. Hatukuambiwa, mimi wala kaka yangu. Mama alipokufa palikuwa na chupa nusu. Ilipoisha hakuleta nyingine.

Daktari aliuliza kwa nini.

"Nani angenitia?" Baba alisema.

Alimwambia daktari, si mimi. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi kwamba magoti yetu yalikuwa yakigusana.

Kabla hatujatoka, daktari alinigeukia akasema ugonjwa huu hutembea katika damu, na watoto wa mgonjwa wakishapita miaka arobaini wanapaswa kupimwa kila mwaka, wasingoje dalili. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu. Niliitikia kama mtu anayeambiwa kwamba mvua inanyesha Budalang'i. Jioni nilimpigia kaka yangu aliyeko Nairobi. Alipiga kite, akasema atakuja Krismasi.

Baba hakujali matone kama alivyojali boneti. Nilimtia kila jioni, akiinamisha kichwa nyuma, na kila asubuhi aliuliza fundi anakuja lini. Aliogopa mvua ingepata bati tupu. Nafikiri aliogopa zaidi kwamba mtu angefunua turubai na kuona kazi ya mikono yake. Nikamleta fundi wa rangi kutoka Malaba, mtu wa makamo aliyejulikana kwa kupulizia malori yaliyogongana. Alizunguka gari, akasema rangi hiyo haitengenezwi tena, ataichanganya kwa kukisia.

Alichanganya vizuri kadiri mtu anavyoweza. Kibandani, kwenye kivuli, ungedhani ni rangi ile ile. Tulipolisukuma gari nje ili yeye aangalie madoa, niliona boneti imeelekea nyekundu ya nyanya na mwili wa gari umebaki na ule weusi wa zamani uliojificha ndani ya wekundu. Fundi aliona kwamba nimeona. Alikusanya vifaa vyake akaniambia nisiruhusu nta iguse boneti kwa miezi miwili. Rangi mpya inatakiwa kupumua, ukiifunika mapema inakufa ikiwa bado laini.

Jioni Baba alitoka kwenda kuiangalia. Gari lilikuwa limerudishwa kibandani. Aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa bati, akawa anasogeza uso polepole ili kile kitundu chake kipite kila mahali.

"Imefanana?"

"Imefanana, Baba."

"Juani pia?"

Siku hiyo alikuwa amekula matonge mawili tu. Mashavu yake yalikuwa yameanza kuingia ndani. Nilimwona ameinama vile, mikono nyuma, kama mkaguzi wa mpakani, na sikuweza.

"Juani pia," nikasema.

Akashusha pumzi, akarudi ndani akaomba uji.

Miezi miwili hiyo ndiyo iliyomaliza jicho la kulia. Lilizima bila maumivu. Mwisho wa mwezi wa kwanza alikuwa bado anajua dirisha liko wapi. Katikati ya wa pili aliniuliza mbona sijawasha taa, na taa ilikuwa imewaka juu ya kichwa chake. Nilimfungia kamba kutoka mlango wa jikoni mpaka choo, aifuate kwa mkono. Nilimnyoa ndevu. Alikonda. Kuna siku nilirudi kutoka shuleni nikamkuta amekaa kwenye kiti cha dereva kibandani, madirisha yamefungwa, jasho linamtoka, mikono kwenye usukani. Nilirudi nyuma taratibu nikaenda kupika.

Halafu asubuhi moja alisema miezi miwili imeisha. Alikuwa akihesabu. Akanituma Busia kuleta nta, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imekauka ikapasuka kama udongo wa kiangazi, na akanipa masharti: iwe ya kukanda, isiwe ya maji, na nikifungua kifuniko isininukie mafuta ya taa.

Nilikwenda kwenye duka la spea linalotazama barabara ya mpakani. Mwenyewe ni mzee Mwislamu ambaye familia yake imeuza spea hapo tangu lami haijafika. Nilimwambia ninataka nta ya gari. Aliniuliza gari gani, rangi ya lini, imeharibikaje. Nilimweleza yote, ila sikusema ni nani aliyeiharibu. Alishusha makopo matatu na chupa moja akayapanga mezani.

Alianza na chupa, ambayo ndiyo watu hununua zaidi kwa sababu ni rahisi kupaka. Akaniambia hiyo ni polishi na nta kwa pamoja. Ina visagio vidogo ndani yake, inatoa tabaka jembamba kila ukipaka, na gari lililosuguliwa miaka mingi halina tena tabaka la kutoa. Kopo la kwanza alilifungua akaniambia ninuse. Lilinuka taa ya kandili. Alisema hayo huletwa yakiwa yamejazwa upya, mishumaa iliyoyeyushwa na mafuta ya taa, yanang'aa siku mbili na mvua ya kwanza inayafanya meupe. Alikuwa ameliweka dukani ili awaonyeshe watu. La pili alinichovyesha kidole. Nilisikia chenga. Chini ya meza alikuwa na kipande cha mlango wa gari jeusi, akasugua kidogo kwa kitambaa cheupe, kitambaa kikatoka cheusi. Akaniuliza nani atapaka.

"Mzee wangu," nikasema. "Haoni."

Alinitazama, kisha akarudisha kopo la tatu alilokuwa ameshika, akisema ni zuri lakini likikawia kufutwa linagandamana na rangi. Akatoa jingine kutoka rafu ya juu, la njano, gumu kama samli ya asubuhi. Alisugua lile kwa nguvu kwenye mlango mweusi, muda mrefu, huku akinitazama. Kitambaa kilitoka cheupe.

"Hii hata akizidisha haiharibu," alisema. "Lakini mama, ujue haiondoi kitu. Mikwaruzo itabaki chini. Inafunika tu."

Nikachukua hilo. Akanifungia kwenye gazeti, akakataa nimshukuru.

Baba alipaka Jumamosi nzima. Kwanza aliniomba mfuko mwembamba wa plastiki, wa ile mifuko iliyopigwa marufuku kwetu na bado inavuka kutoka Uganda na bidhaa. Aliuvaa mkononi kama glavu, akapitisha kiganja juu ya gari lote lililooshwa. Sikujua jambo hilo. Kupitia plastiki vidole vinasikia kila punje ya vumbi iliyonata na kila tone la utomvu. Alipopata kitu alisimama akakitoa kwa ukucha. Kisha akapaka, mlango kwa mlango, akipima kwa shubiri alipofika. Nilibaki karibu nikisahihisha madaftari. Alipomaliza aliniita nisimame mbele ya mlango wa dereva.

"Inang'aa?"

Ilikuwa inang'aa. Hilo lilikuwa kweli. Nilijiona mzima, na migomba nyuma yangu. Ila nta hukoleza kila rangi iliyo chini yake, na ilikuwa imekoleza tofauti. Boneti ilikuwa imewaka kama kitu cha gari jingine.

Wiki iliyofuata akaja rafiki yake kutoka Matayos, dereva mwenzake wa zamani, ambaye walisafiri pamoja msafara kwa msafara na bado wanaitana bosi. Alikuja kumpa pole ya macho. Baba hakutaka pole. Alitaka gari litolewe nje alionyeshe, na mimi na mgeni tukalisukuma mpaka uani, kwenye jua la saa sita. Nilijua kitakachotokea kuanzia tulipoachia breki. Ningeweza kumvuta mgeni kando nimnong'oneze. Sikufanya hivyo, na mpaka leo sijui kama ni kwa kukosa nafasi au kwa kuchoka.

Mgeni alizunguka gari lote, akapiga mluzi. Akamsifu, akasema hata walio na macho hawafanyi kazi kama hiyo. Kisha akacheka kidogo.

"Lakini bosi, hii boneti mbona umeweka rangi ingine? Inakaa kama umeokota kwa gari ya mtu."

Baba alikuwa ameweka mkono kwenye paa la gari. Hakuutoa.

"Ni huyo fundi," alisema. "Nilimwambia."

Wakaingia ndani, wakanywa chai, wakazungumza habari za waliokufa na walio hai. Baba alicheka panapotakiwa kuchekwa. Nilikaa jikoni nikisubiri. Mgeni alipoondoka nilikwenda kutoa vikombe, na Baba akazungumza akiwa ameelekea dirishani.

"Nilikuuliza juani pia."

"Ndiyo, Baba."

"Ukasema juani pia."

Nilianza kueleza. Nilisema habari ya matonge mawili, habari ya mashavu yake. Aliniacha nikafika mwisho.

"Mimi sasa naona kwa mdomo wako," alisema. "Sina mahali pengine."

Akainuka, akapapasa ukuta, akaingia chumbani kwake.

Hakunisema tena kuhusu jambo hilo, wala hakuninunia. Angeninunia ningejua la kufanya. Alianza tu kuthibitisha. Jirani yetu, mama mmoja anayetuletea maziwa asubuhi na jioni, alikuwa akisimama mlangoni kusalimia, na Baba akamfanya kuwa wa kuuliza. Mwalimu ananiambia hili shati ni la bluu, ni kweli? Mwalimu amesema mbuzi wako wote wanne, hebu nihesabie. Kaka yangu alipotuma ujumbe kwamba hataweza kuja Krismasi, nilimsomea Baba, naye akaweka simu mfukoni mpaka jioni jirani aje amsomee tena. Alifanya hayo mbele yangu, bila ubaya, kama vile dereva anavyopiga tairi teke kabla ya safari ingawa turnboi, msaidizi wake, amesema ziko sawa. Jirani aliona aibu kwa ajili yangu mwanzoni. Baadaye alizoea, na mimi nikajifunza kunyamaza anapouliza.

Mwezi wa Novemba aliuza gari. Mnunuzi alikuwa mkulima kutoka Matayos, aliyeletwa na yule rafiki. Kabla hata salamu hazijaisha Baba alimwambia kwamba boneti si rangi moja na mwili, akamwonyesha kwa mkono mahali tofauti inapoanzia, karibu na kioo, bila kukosea hata kwa upana wa kidole. Mtu yule akasema haidhuru, anataka la kubebea mahindi. Nilimkabidhi funguo. Baba alisimama kwenye lango akisikiliza, na gari lilipochanganyika na malori ya barabarani aligeuka akaifuata kamba yake.

Kibanda tumekifanya banda la kuku.

Mimi nilikwenda kupimwa mwaka huu, Februari, karibu miaka miwili baada ya kuambiwa. Sikuwa na dalili. Nilikuwa na woga, ambao nilikuwa nimeuita kazi nyingi. Kisha siku moja nilimgonga mwanafunzi kwa bega nikiwa ninageuka kutoka ubaoni, mtoto mwenye sauti, aliyekuwa kando yangu upande wa kushoto wakati wote akiniuliza swali, na nikakaa ofisini saa nzima, kisha nikaomba ruhusa niende kliniki. Daktari alikuwa yule yule. Alinikumbuka. Presha iko juu katika macho yote mawili, alisema, na jicho la kushoto limeanza kuliwa pembeni. Nimewahi kiasi. Matone kila jioni, maisha yangu yote, bila kuruka.

Nilimkuta Baba kwenye kiti chake barazani. Nilimwambia yote, palepale, kabla sijavua viatu, na nikamwambia pia kuhusu jicho la kushoto, ambalo njiani nilikuwa nimepanga kulificha. Alisikiliza. Akaniambia nimsomee karatasi, nikamsomea, nikitafsiri kila mstari. Halafu akamwita jirani, aliyekuwa akifunga ndama wake upande wa pili wa ua.

Jirani alikuja akijifuta mikono kwenye leso. Alinitazama kwanza mimi, nikampa karatasi. Aliisoma polepole, midomo ikienda, akarudia mahali pa jicho la kushoto.

"Ni vile amesema, mzee," alimwambia. "Ni vile vile."

Nyuma ya ua malori yalikuwa yakisogea kidogo na kusimama.

"Anza leo," Baba aliniambia. "Na usingoje mtu akutie."

Baada ya chakula nilikwenda chumbani, nikasimama mbele ya kioo cha Mama, nikainamisha kichwa nyuma. Tone la kwanza lilianguka shavuni. La pili liliingia, likachoma. Kutoka sebuleni Baba aliuliza kama limeingia. Nikasema limeingia. Jirani alikuwa ameshaenda kwake, hakukuwa na mtu mwingine wa kuuliza.